Upande wa kushoto

Jioni hii nimekaa juu ya ndoo uani, mikono bado inanuka grisi, naitazama Hilux ya Baba. Imesimama sawa. Wiki tatu ilikuwa imeinamia kushoto, kama mtu aliyejitwika mzigo begani.

Ni pikapu ya 1994, ile yenye ekseli nzima mbele na springi za mabapa kwenye magurudumu yote manne. Resori, kama tunavyosema hapa Goma. Baba aliteremshia kabichi na viazi vya Kibumba humo mpaka ikachoka, naye akachoka. Mwaka jana niliifungua yote: nikaikwangua chasisi kutu, nikabadilisha bushi, ile mipira ya kwenye ncha za springi, nikanunua springi mpya za mbele. Springi hizo nilizifunga usiku, umeme umekatika, namulika kwa simu.

Siku ilipokanyaga chini kwa mara ya kwanza, roho iliniuma. Ukiitazama kwa nyuma, kona ya kushoto ilikuwa imelala waziwazi. Nikaamini macho. Nikafungua springi ya nyuma kushoto, nikaipeleka kwa mhunzi akaikunja upya, nikalipa. Niliporudisha, gari likalala vilevile.

Hapo ndipo nikamwita Mzee mmoja wa mtaa wa Birere, fundi aliyekuwa akimtengenezea Baba.

“Mwanangu, umelipimia wapi?”

“Hapahapa uani, Mzee.”

Akaangalia chini, hakusema kitu. Uwanja wetu ni lava iliyoganda, ile ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002. Tulijenga juu yake kama nusu ya mtaa, na hakuna hatua mbili zinazolingana. Akaniagiza mpira wa maji, ule wa waashi wa kupimia usawa. Tukaujaza, tukautikisa mpaka kiputo cha mwisho kikatoka, yeye akashika ncha moja kwenye gurudumu la mbele, mimi ya pili nyuma. Maji yalipotulia ndani ya mpira nikaona: gurudumu la kushoto nyuma lilikuwa chini kwa zaidi ya sentimita 3. Tulipanga vibao vya mawe chini ya matairi kwa saa nzima, tukajaza upepo sawa kulia na kushoto, ndipo akaniruhusu kutoa futi ya kupimia.

Tulipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Kisha tukapima tena kutoka ekseli hadi chasisi, maana bodi inakalia mipira yake na inaweza kukaa upande hata kama chasisi imenyooka. Vipimo vyote viwili vilisema jambo moja: nyuma kushoto chini kwa milimita 17, mbele kushoto chini kwa milimita 26. Mbele ndiko kulikozidi. Nilikuwa sijapima mbele hata mara moja.

Mzee akataka pia tulegeze boliti za ncha za springi. Nilizikaza gari likiwa juu, springi zinaning’inia, na bushi ya mpira ikibanwa hivyo inajisokota uzito unapoingia, inazuia springi isikae mahali pake. Tukalegeza, tukalitikisa gari, tukakaza likiwa limesimama kwa miguu yake. Tukapata milimita 4. Haikutosha.

Kipimo cha mwisho sitakisahau. Akaweka jeki katikati kabisa ya chasisi mbele, stendi huku na huku karibu bila kugusa, akainua mpaka springi za mbele hazibebi kitu. Sasa gari lilikalia nukta moja mbele, na nyuma ikabaki huru kusema ukweli wake. Nikapima nyuma: tofauti milimita 2 tu. Springi za nyuma hazikuwa na kosa. Za mbele ndizo zilizokuwa zinaipinda chasisi nzima, nyuma ikifuata.

Leo asubuhi nilizitoa zote mbili, nikazilaza sambamba juu ya ubao. Upinde wa moja ulikuwa juu kuliko wa nyingine. Watengenezaji wengi hufanya hivyo makusudi, wanauinua kidogo upande wa dereva ubebe uzito wake. Usukani wetu uko kushoto. Ile yenye upinde wa juu niliifunga kulia. Baba alikuwa na kipande cha chokaa mfukoni daima, kila kifaa kilichotoka kilipata alama kabla hakijagusa ardhi. Nilimwona akifanya hivyo utoto wangu wote.

Nimezibadilisha. Gari likiwa tupu, kushoto sasa kuko juu kwa milimita 5. Nimemwomba mdogo wangu ashike futi, nikapanda, nikafunga mlango, nikashika usukani.

“Soma.”

“Sawa na kulia, kaka.”

Nimebaki humo ndani kwa muda, kiti bado kinanuka viazi.