Goti langu na kijiti cha moto

Baridi ya Wuhan haina adabu. Majengo mengi huku hayana mabomba ya joto kama ya Beijing, basi Januari hii magoti yangu yaligoma kabisa. Mama anayeuza tambi getini kwetu akanikokota hadi kwa tabibu wake wa tiba ya jadi ya Kichina.

Nilijiandaa kwa sindano. Mzee akatoa kitu kama sigara nene: majani ya ai, jamii ya pakanga, yaliyokaushwa, yakatwangwa hadi yakawa kama pamba, yakaviringishwa kwenye karatasi. Akakiwasha ncha, akakishikilia juu ya ngozi, vidole vinne chini ya goti kwa upande wa nje, mahali wanapopaita zusanli. Hakigusi! Joto linaingia polepole, kama umekaa kando ya jiko la mkaa. Anataka majani yaliyokaa miaka 3, eti mapya moto wake mkali. Ngozi ikiwa nyekundu, anahamia goti la pili.

Nimepona? Siwezi kuapa. Ila nilirudi kwa miguu bila kulalamika, na usiku nikalala fofofo. Tatizo moshi: koti linanuka, na mwenzangu wa chumbani kafungua madirisha yote. Kwa baridi hii!