Magunia 80 ya Mbuyuni

Mwaka 2016, wiki ya tatu tangu nitoke chuo, nilirudi ofisini Moshi na fomu yangu ya kwanza ya bima ya moto. Kabla ya hapo nilikuwa nauza bima ndogo za magari tu, za 118,000 pamoja na VAT: kadi ya gari, hela, stika, kwaheri. Hii ilikuwa ya duka la jumla pale Mbuyuni. Mangi, mwenye duka, alikuwa anachukua mkopo wa milioni 15 na benki ikamtaka akate bima. Basi kwenye nafasi ya thamani ya mali nikaandika milioni 15.

Dada aliyekuwa ananifundisha kazi akaisoma fomu, akanitazama.

"Milioni 15 ni ya nini?"

"Ya mkopo, dada."

"Deni haliungui. Dukani mna nini?"

Akanirudisha Mbuyuni na karatasi tupu.

Kuhesabu mzigo kuna utaratibu wake. Unaanzia mlangoni na kufuata ukuta upande mmoja mpaka urudi ulipoanzia, la sivyo rundo moja utalihesabu mara mbili. Bei ni ya kununulia, pamoja na usafiri, kutoka kwenye risiti. Ukiandika bei ya kuuzia, mteja analipia faida ambayo bima ya moto ya kawaida haitamrudishia. Tukapata mchele magunia 80 kwa 160,000 kila moja, sukari mifuko 130 kwa 90,000, mafuta ya kupikia madumu 100 ya lita 20 kwa 55,000. Jumla, milioni 30 kamili.

Hapo ndipo Mangi alipovuta kiti. Mali ya milioni 30 ikikatiwa bima ya 15, maana yake nusu nyingine umeamua kuibeba mwenyewe. Ukiungua mzigo wa milioni 6 tu, hulipwi 6; unalipwa nusu yake, 3, kisha linaondolewa lile fungu la hasara ambalo mkataba unasema ni lako. Na kwa kuwa benki imeandikwa kwenye mkataba, yenyewe ndiyo inayotangulia kulipwa. Duka likiteketea lote, milioni 15 inakwenda kufuta deni na Mangi anabaki na majivu. Benki haikumdanganya. Ilimwambia kiasi kinachoilinda benki.

"Kwa hiyo niliambiwa nikate bima ya wenzangu," akasema.

Kwa kiwango tulichopewa, 0.25%, ada ya bima ya milioni 15 ilikuwa 37,500, na VAT 44,250. Milioni 30 ilikuwa 75,000, na VAT 88,500. Tofauti haifiki hata bei ya mfuko mmoja wa sukari. Wakala mgeni huogopa kutaja namba kubwa, anadhani atamkimbiza mteja. Mfanyabiashara wa Mbuyuni anakimbizwa na hesabu asiyoielewa.

Nikamwambia pia kuhusu Desemba. Watu wa Kilimanjaro wanapopanda nyumbani kwa Krismasi, duka kama lile hujaa mpaka darini, na milioni 30 ya Juni inakuwa pungufu. Akakataa kulipia mwaka mzima mzigo wa mwezi mmoja. Tukakubaliana nirudi Novemba tuongeze.

Yaliyobaki kwenye fomu tuliyamaliza haraka, isipokuwa swali la moto unaowashwa ndani ya eneo la duka. Nilikuwa nimeshaweka "hapana" nilipoona jiko la mkaa uani, hatua kama nne kutoka kwenye madumu ya mafuta. Nikakata, nikaandika "ndiyo". Jibu la uongo linaweza kuipa kampuni ya bima sababu ya kukataa dai zima, na aliyejaza fomu ni wewe wakala. Jiko likahamishiwa nje ya geti siku ileile.

Mangi alitaka kulipa Ijumaa. Nikamweleza kwamba ada isipolipwa, bima haijaanza, na moto hausubiri Ijumaa. Akafungua droo, akahesabu 88,500. Chini ya noti zile kulikuwa na risiti zote za mzigo, za mwaka mzima, zimefungwa kwa raba.

"Hizi zinakaa hapa?"

"Zikae wapi tena?"

Tukazipeleka duka la vifaa vya shule jirani, tukatoa kopi, na kopi zikaenda nyumbani kwake Majengo usiku ule ndani ya mfuko wa unga.