Kabati la sanamu kumi na mbili: kumbukumbu ya mradi, wiki ya 1 hadi mwezi wa 7

Vilivyopo ni kabati moja la vioo lenye rafu nne na sanamu kumi na mbili za wahusika wa gemu za kifantasia. Nane ni skeli ya 1/7, yaani sehemu moja ya saba ya kimo cha mhusika, tatu ni 1/8, na moja ya polistoni (resini iliyochanganywa na unga wa mawe) ni skeli ya 1/4. Hiyo ya mwisho inakaa nje ya kabati kwa sababu ya uzito wake.

Mwili wa sanamu nyingi za aina hii ni PVC, plastiki ambayo kwa asili ni ngumu, ikalainishwa kwa kuchanganywa na kimiminika chenye mafutamafuta, yaani kilainishi. Kilainishi hakishikani na plastiki kwa kudumu. Taratibu kinapanda juu ya ngozi ya sanamu, na joto likizidi kinakimbia zaidi. Karibu kila tatizo lililomo humu linatokana na hicho kilainishi, joto, na uzito unaobebwa na kifundo kimoja cha mguu. Vumbi, ambalo watu hulilalamikia sana, ndilo adui mwepesi kuliko wote.

Wiki ya 1. Hesabu kabla ya rafu

Skeli huhesabiwa kwa kimo cha mhusika akiwa amesimama wima. Mfano ni wahusika wawili wa Final Fantasy VII, gemu ya mwaka 1997: Cloud ana sentimita 173, Tifa 167. Ukigawa kwa 7 unapata sentimita 24.7 na 23.9. Ukigawa kwa 8 unapata 21.6 na 20.9. Maana yake ni kwamba Cloud wa 1/8 akiwekwa kando ya Tifa wa 1/7 anakuwa mfupi kuliko Tifa kwa zaidi ya sentimita 2, na kosa hilo linaonekana hata na mtu asiyejua lolote kuhusu gemu yenyewe. Ndiyo sababu zile tatu za 1/8 zimepewa rafu yao peke yao.

Urefu unaotangazwa na mtengenezaji usiuchukue kama ulivyo. Mara nyingi unapimwa kuanzia chini ya kitako, yaani kibao ambacho sanamu inasimama juu yake, hadi ncha ya juu kabisa, na ncha hiyo inaweza kuwa upanga, pembe au shungi la nywele. Sanamu iliyoandikwa sentimita 32 inaweza kuwa na mwili wa 22 tu. Ukitaka kulinganisha mbili, linganisha vichwa: kidevu hadi utosi.

Rafu zimeachana kwa sentimita 38. Mchawi mmoja aliyeinua fimbo ana sentimita 41, kwa hiyo kioo kimoja kimeondolewa na rafu ya juu imekuwa ndefu. Kwa upana, kanuni inayofanya kazi ni kipenyo cha kitako pamoja na sentimita 4 kila upande. Ukibana zaidi ya hapo, siku ya kusafisha utaivunja ya mbele ukiitafuta ya nyuma.

Wiki ya 2. Taa, na kosa la kwanza

Utepe wa LED wa volti 12, wati 4.8 kwa mita, urefu mita 3: jumla wati 14.4. Adapta ni ya ampia 2, yaani wati 24, ili isifanye kazi kwa nguvu zake zote. Rangi ya mwanga ni kelvini 4000 na CRI, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, ni zaidi ya 90. Chini ya 90, ngozi ya sanamu huonekana ya kijivu na vivuli vilivyopulizwa kwa brashi ya hewa hupotea.

Kosa: utepe ulibandikwa chini ya dari ya kabati na adapta ikafichwa ndani, nyuma ya rafu ya juu. Baada ya saa nne za kuwaka, kipimajoto kilisoma nyuzi 34 rafu ya juu na 28 rafu ya chini. Nyuzi sita si nyingi kwa mtu, lakini ni nyingi kwa PVC inayosimama mguu mmoja mwaka mzima. Adapta imetolewa nje, utepe umehamishiwa kwenye nguzo za pembeni juu ya reli ya alumini inayonyonya joto, na taa zimewekewa swichi ya muda: zinawaka kwa muda wa saa mbili kila jioni, basi. Sasa tofauti kati ya juu na chini ni nyuzi 1 hadi 2.

Kabati liko kwenye ukuta usiopigwa na jua. Kioo cha dirisha huzuia sehemu tu ya mionzi ya jua, na inayobaki inatosha kugeuza nywele nyeupe kuwa za rangi ya maziwa yaliyochacha.

Wiki ya 3 na ya 4. Kufungua maboksi

Utepe wa boksi ukatwe kwa wembe, usichanwe. Ganda la plastiki linalobeba sanamu litolewe lote kwanza, kisha vipande, kikianza kile kilicho huru zaidi. Upanga hutoka kabla ya mkono. Anayeanza na mwili huondoka na kidole kilichobaki kwenye ganda.

Yakaguliwe mambo matano siku hiyo hiyo, kwa sababu muda wa kudai kipande kingine ni mfupi: macho, mstari wa nywele kwenye paji la uso, mipaka ya rangi kwenye mikanda na vifungo, vijiti vya miguuni, na maandishi ya haki miliki kwenye kitako. Macho hayachorwi kwa mkono. Hupigwa chapa kwa mpira laini, rangi juu ya rangi. Chapa moja ikihama nusu milimita, mhusika anakuwa na makengeza. Hilo huwezi kulirekebisha nyumbani.

Sanamu feki hujitambulisha papo hapo. Ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, mshono unaonekana pembeni mwa mguu kutoka nyonga hadi kifundo, kitako hakina maandishi ya haki miliki, na harufu ya kemikali haitoki hata baada ya siku kadhaa.

Sanamu halisi nayo hailingani kabisa na picha za tangazo. Picha zile ni za mfano uliopakwa rangi kwa mkono kabla ya kiwanda kuanza. Mifano ya aina hiyo ndiyo inayoonyeshwa Wonder Festival, maonyesho yanayofanyika mara mbili kwa mwaka Makuhari Messe, mkoani Chiba, Japani: kwanza ya kijivu bila rangi, baadaye yenye rangi. Anayeagiza mapema akiwa ameona ya kijivu tu anakisia rangi. Ni kamari halali, lakini aijue kuwa ni kamari.

Nailoni nyembamba zinazowekwa kiwandani kati ya vazi jeusi na ngozi nyeupe zitolewe kwenye sanamu itakayosimama kabatini, na zirudishwe zilezile ikirudi boksini. Rangi nyeusi ikigusana na ngozi kwa miezi huhamia pamoja na kilainishi, na doa hilo limeingia ndani ya plastiki. Kusugua hakutalitoa, kutaondoa ngozi.

Mwezi wa 2 na wa 3. Kulala upande

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda. Sanamu ya mpiga upanga, 1/7, gramu 480, inasimama kwa mguu wa kushoto pekee huku upanga umepelekwa kulia. Kipimo ni cha fundi mwashi: timazi ya uzi na nati ndogo imening'inizwa mbele ya kabati, picha inapigwa kutoka alama ileile sakafuni, kisha umbali kati ya uzi na ncha ya pua unapimwa. Wiki ya 6 ulikuwa umehama milimita 2. Wiki ya 10, milimita 5.

Kabla ya kunyoosha, jua kinacholala. Kuna vitu vitatu vinavyofanana kwa macho. Sukuma kiuno kwa kidole, polepole. Kikisogea na kurudi kama mlango uliolegea, tatizo ni kijiti kwenye tundu la kitako: zungushia kijiti mizunguko miwili ya tepu nyeupe ya mafundi bomba, urudishe. Usitie supagluu, maana siku ya kuhama hutaweza kuitenganisha. Kisipocheza, weka kitako peke yake juu ya kioo na ubonyeze pembe. Kikiyumba, kitako ndicho kimepinda, na kipande cha kadi chini yake kinatosha. Vyote vikiwa sawa, kilichopinda ni kifundo.

Kifundo hunyooshwa kwa maji. Pitisha sumaku juu ya mguu kwanza: ikinasa, kuna fimbo ya chuma ndani, na fimbo iliyopinda hainyooshwi na maji ya moto. Isiponasa, maji ya nyuzi 70, yaliyopimwa kwa kipimajoto cha jikoni, yanatosha kulegeza PVC bila kuigusa ABS, plastiki ngumu zaidi ya upanga na kitako, ambayo hulainika karibu na nyuzi 100. Ndiyo sababu maji yanayochemka hayafai. Tumbukiza mguu hadi katikati ya muundi kwa sekunde 60 hadi 90, uso usikaribie mvuke. Utauhisi mguu ukilegea kama ufizi. Peleka upande wa pili ukipitiliza milimita 2, kwa kuwa plastiki hurudi kidogo, kisha shikilia ndani ya maji ya barafu kwa dakika mbili bila kutetemesha mkono. Laza sanamu saa 24 kabla ya kuisimamisha.

Vipande virefu vilivyopindia boksini, kama mikia, riboni na panga za PVC, ni rahisi zaidi. Vikiingia kwenye maji hayo mara nyingi hujirudia vyenyewe kwenye umbo la kiwandani, unavisaidia tu.

Mpiga upanga amerudi kwenye timazi, lakini kunyoosha si kutibu. Uzito bado uko kulia. Amewekewa fimbo ya akriliki ya milimita 6, iliyokatwa ifike chini ya mkunjo wa koti, ncha yake ikivishwa mpira wa silikoni ili isikwaruze. Tangu hapo, miezi minne, amehama milimita 1. Fimbo ya akriliki isafishwe kwa maji tu. Spiriti huichanja nyufa ndogo kama buibui.

Mwezi wa 4. Kunata

Sanamu mbili zilizokaa boksini muda mrefu zilitoka zikinata, hasa nywele na mapaja. Boksi lililofungwa hukusanya mvuke wa kilainishi na kuurudisha juu ya sanamu. Dawa ni beseni la maji ya vuguvugu, nyuzi 35 hadi 40, matone matatu ya sabuni ya vyombo kwa lita, dakika kumi. Mswaki laini wa mtoto kwenye nywele, vidole vitupu kwenye ngozi. Suuza mara mbili. Tundu za miguuni zielekezwe chini usiku kucha, maana maji yakibaki ndani fimbo ya chuma hupata kutu. Taulo haifai, inaacha nyuzi zinazoganda. Baada ya wiki tatu mnato hurudi kidogo, unaosha tena. Mara ya tatu huwa ya mwisho au karibu.

Spiriti na asetoni zisikaribie. Ya kwanza hubeba rangi, ya pili huyeyusha ABS. Sponji nyeupe ya kufutia madoa nayo ni msasa laini uliovaa nguo ya sponji: kwenye ngozi isiyong'aa inaacha kipara kinachong'aa.

Hapo ukaja mgongano. Mlango wa kabati una mwanya wa milimita 3, na vumbi linapita humo. Ukiuziba wote kwa utepe wa sponji, kabati linakuwa boksi kubwa, na mvuke hauna pa kwenda. Suluhu iliyobaki ni utepe wa sponji pande tatu, na matundu mawili ya milimita 20 nyuma, moja juu na jingine chini, yaliyozibwa kwa kitambaa cha barakoa. Vumbi limepungua kiasi kwamba brashi ya vipodozi inapita mara moja kwa wiki sita badala ya kila wiki mbili.

Mwezi wa 5. Polistoni

Hiyo ya 1/4 ina kilo 6.5, haipindi na hainati, lakini haisamehi. Ncha ya bawa ilikatika wakati wa kuiunganisha kwa sababu bawa lilisukumwa kwa nguvu kwenye tundu lililokuwa na tone la rangi kavu. Tundu lilipaswa kukwanguliwa kwanza. Matengenezo: keekee ya milimita 1 kwa drili ya mkono, kina cha milimita 6 kila upande, kipande cha waya wa shaba, gundi ya epoksi ya saa 24. Epoksi ya dakika tano hukauka kabla hujapanga mshono vizuri, na supagluu huacha ukungu mweupe kwenye rangi nyeusi. Mshono umesuguliwa kwa msasa namba 800 na kuguswa na rangi ya akriliki, tabaka tatu nyembamba.

Mwezi wa 7. Hali ilivyo

Kumi kati ya kumi na moja za kabatini ziko ndani ya milimita 1 ya timazi. Iliyobaki ni mchawi mwenye fimbo, milimita 3 na bado anakwenda, na sumaku imenasa mguuni mwake. Atapata fimbo ya akriliki chini ya joho baada ya kupimwa tena wiki ijayo. Maboksi matupu yamelazwa juu ya kabati, vifuniko vikiwa wazi kidogo, kila moja likiwa na ganda lake na nailoni zake ndani ya bahasha iliyoandikwa jina.