Ssaem, kumi!

Leo tena nimepokewa hivyo mlangoni mwa bwalo: "Ssaem, kumi!" Msichana wa darasa la nne, sinia lake la chuma mikononi, ananionyesha kwa kidevu sufuria la supu. Shule za Korea huandika namba pembeni ya kila chakula kwenye orodha ya mwezi, kwa ajili ya watoto wenye mzio: 1 ni mayai, 2 maziwa, 9 kamba, 10 nyama ya nguruwe. Na hapa Busan, supu ya nguruwe kwa wali ndiyo fahari ya mji, kwa hiyo kumi haiko mbali. Nilipoanza kazi ya kufundisha Kiingereza Machi mwaka jana, mwalimu mwenzangu aliwaeleza watoto kwamba mimi ni Mwislamu, namba 10 sili. Wiki ileile waliniomba niwafundishe kuhesabu kwa Kiswahili. Mambo hayo mawili wakayaunganisha wenyewe. "Ssaem" ni mwalimu, kwa ufupi wa mapenzi. Orodha siisomi tena. Nina watoto 14 wa kunisomea. Siku ya kwanza waliponipigia kelele hiyo nilikwenda chooni nikalia kidogo, kisha nikarudi kula wali na kimchi, kabichi yao iliyochachushwa.

Shule yetu iko Yeongdo, kisiwa kilichoungwa na mji kwa madaraja. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, kwa hiyo meli zinazongoja nje ya bandari na nguo zinazokaukia kwenye upepo wa chumvi si vitu vya kunishangaza. Kigeni kwangu ni mlima. Nyumba zimepandiana hadi juu, na mimi kila asubuhi nazipanda ngazi na begi la vitabu mgongoni nikiwapita akina bibi wenye miaka themanini ambao hawahemi hata kidogo. Nawainamia kichwa, wananiitikia. Wazee ni wengi mno kisiwani, watoto wachache. Mwaka 2023 wastani wa uzazi Korea ulishuka hadi 0.72, yaani hata mtoto mmoja kwa kila mwanamke haufiki. Ukitaka kuiona namba hiyo kwa macho, njoo utazame rafu ya viatu vya ndani kwenye lango letu. Kila kishubaka kina jina la mtoto, lakini kuanzia safu ya tatu kwenda chini, vishubaka havina majina.

Jamaa wa nyumbani huniandikia kila mara wakiuliza njia ya kuja. Nawajibu kwa uchungu: viza ya E-2, ya walimu wa lugha, kwa wale wa Kiingereza hutolewa kwa kawaida kwa raia wa nchi 7 tu: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mimi nimeingia kwa pasipoti ya Kanada, nilikohamia na wazazi nikiwa na miaka kumi na moja. Binamu yangu wa Mombasa ana digrii ya ualimu na Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Ombi lake lisingepokelewa. Hilo sijaweza kulizoea na sitaki kulizoea.

Sasa nije kwenye ulimi, maana hilo ndilo linalonikesha.

Mtoto wa Kikorea akisoma neno la Kiingereza linaloishia kwa konsonanti, mara nyingi huliongezea irabu mwishoni. Keki ni "keikeu", juisi ni "juseu", basi la abiria ni "beoseu". Baadhi ya walimu wenzangu wa kigeni hulihesabu kuwa kosa la kung'olewa. Mimi nikilisikia, nasikia nyumbani. Sisi nasi tulifanya nini? Tulilipatia kila neno la mgeni irabu ya kukalia, likawa letu. Vivyo hivyo kuhusu watoto kutuita "Ticha!" badala ya jina. Wenzangu huona ni ukosefu wa adabu. Lakini mimi nilimwita nani kwa jina pale shuleni Mombasa? Tulisema "Mwalimu!", basi. Kwa Kikorea ni hivyohivyo, na kumtaja mwalimu kwa jina tupu ndiko kumvunjia heshima.

Shule hiyohiyo ya Mombasa ilikuwa na kipande cha mbao chenye kamba, tulikiita diski. Ukisikika unasema Kiswahili nje ya somo lake, unavishwa shingoni, na unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako akiteleza umpe. Jioni wa mwisho kukivaa alichapwa. Nilikuwa na miaka minane nilipomtegea rafiki yangu kwa makusudi, nikamwuliza kwa Kiswahili kama ameiona raba yangu, akanijibu. Sura yake wakati namvisha ile kamba ninayo mpaka leo. Kwa hiyo darasani kwangu hakuna faini ya kusema Kikorea, na haitakuwapo.

Wazazi wana hofu yao, na naielewa. Novemba, siku ya Suneung, mtihani wa kuingilia chuo kikuu, ndege huzuiwa kuruka na kutua nchi nzima kwa takriban dakika 35 ili watahiniwa wasikie vizuri sehemu ya kusikiliza ya Kiingereza. Nchi inayonyamazisha anga kwa ajili ya lugha hii haiwezi kumwacha mtoto wa miaka kumi alale mapema. Wangu wakitoka kwangu huenda kwenye masomo ya kulipia, na wengine hufika asubuhi macho mekundu.

Ukutani nimebandika karatasi ndefu yenye safu tatu: Kiingereza, Kikorea, Kiswahili. Tunatafuta maneno ambayo lugha zetu mbili zimeyachukua na kuyavisha. Kwa wiki sita mvulana wa karibu na dirisha hakuwa amefungua kinywa chake. Jana alinyanyuka bila kuitwa, akaandika "benchi" safu ya kati kwa herufi zake, akaniangalia. Nikaandika "benchi" safu ya tatu. Nikayasoma yote mawili kwa sauti, hayana tofauti. Akauliza kwa Kikorea: nyanya yako naye husema hivyo?

Saa ya ukutani ilionyesha 1 na dakika kumi. Uzuri wa Korea ni huo: iko mbele ya Mombasa kwa saa 6, kwa hiyo saa ya Busan hunisomea saa ya Kiswahili ya nyumbani bila hesabu. Saa moja na dakika kumi asubuhi. Nyanya ameshamaliza chai, ametoka nje. Nikamjibu: yeye hakai kwenye benchi, hukaa barazani.

"Baraja," akasema. Kikorea hakina sauti ya z.

Nikamwambia abane meno kidogo, aache nyuki apite. Akajaribu. Wenzake nao wakajaribu, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia ni kitu gani kinavuma.