Mgombea Alikuwa Amekalia Kiti Gani?

Ubishi wa urais hapa Kenya haungoji kampeni kutangazwa. Kura ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, na tayari watu wameshajipanga: huyu ni mchapakazi, yule ni domo tu. Kinachonisumbua katika mabishano haya ni kwamba ni nadra mtu kuuliza kwanza mgombea alikuwa amekalia kiti gani alipofanya, au alipokosa kufanya, hayo anayosifiwa na kulaumiwa. Tunarukia barabara, hospitali na karo. Kiti tunakisahau.

Kisa cha kawaida ni hiki:

"Alipokuwa gavana shule zetu zilibaki mabanda. Sasa anataka nchi nzima?"

"Lakini mzee, shule ya msingi si kazi ya gavana."

"Kwani pesa hakuwa nazo?"

Kila mmoja ameshika nusu ya hoja. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kaunti ina chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko na huduma za kilimo. Shule za msingi na za sekondari, polisi, barabara kuu na hospitali kuu za rufaa ni za serikali ya kitaifa. Darasa jipya la shule ya msingi mara nyingi limetokana na NG-CDF, hazina ya serikali ya kitaifa ambayo huelekezwa kwenye eneo bunge. Kwa hiyo aliyekuwa gavana aulizwe kama dawa zilikuwepo kwenye zahanati, kama walimu wa chekechea walilipwa, kama soko lililozinduliwa lina wachuuzi ndani au limefungwa kwa kufuli. Hayo hana wa kumsukumia.

Na lile swali la pesa lina jibu. Katiba inasema kaunti zote 47 zigawane angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini asilimia hiyo hupigwa kwenye hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Kitaifa. Bunge likichelewa kupitisha hesabu, kipimo kinabaki kile cha mapato ya miaka ya nyuma, ambayo kwa kawaida ni madogo kuliko ya sasa. Gavana anayelia kwamba pesa zilikuwa kidogo huenda anasema kweli. Huenda pia anatumia kilio hicho kufunika alivyotumia hizo kidogo alizopata.

Kiti kigumu zaidi kukipima ni cha Naibu Rais. Katiba inamwita msaidizi mkuu wa Rais, na kazi nyingi anazofanya ni zile alizopewa. Mwaka 2022 jambo hili lilivuruga hesabu za kila upande. William Ruto alikuwa Naibu Rais tangu 2013, na wafuasi wake walitaka mazuri ya serikali ya Jubilee yawe yake na machungu yawe ya bosi wake, Rais Uhuru Kenyatta. Raila Odinga naye, tangu salamu za maridhiano za Machi 2018 kati yake na Uhuru, alijikuta akitetea miradi ya serikali aliyoipinga miaka mitano ya mwanzo, huku akijitenga na bei ya unga. Kila kambi ilikuwa na rekodi ya nusu nusu. Aliyetaka kupima kwa haki ilimbidi aulize, kwa kila jambo, nani alikuwa na kalamu ya kutia sahihi. Rais anayetetea kiti chake ana nafuu hiyo kwa mpiga kura: kalamu ilikuwa yake. Hata hivyo, Bunge nalo lina kalamu yake.

Tuchukue reli ya SGR, kwa sababu kila ubishi wa rekodi hufika hapo. Mkataba wa ujenzi ulitiwa sahihi 2012, Mwai Kibaki akiwa Rais na Raila akiwa Waziri Mkuu katika serikali ya mseto. Jiwe la msingi liliwekwa Mombasa Novemba 2013, Uhuru akiwa Rais na Ruto Naibu wake. Mkopo mkubwa ulitoka benki ya Exim ya China, na treni ya kwanza ya abiria kati ya Mombasa na Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, miezi miwili na kitu kabla ya uchaguzi. Sasa reli ni ya nani? Jibu la kweli linachosha: mradi mkubwa hupitia wazo, upembuzi yakinifu, fedha, mkataba, kuchimba, kumaliza, kisha kulipa deni, na mara nyingi kila hatua ina mtu wake. Anayekata utepe huchukua sifa zote. Anayelipa deni huchukua laana zote. Mtu akikuambia "nilijenga", muulize ni hatua ipi kati ya hizo saba. Ukimwona anahama kutoka "nilijenga" kwenda "tulianzisha", umeshapata jibu.

Sasa makaratasi, kwa sababu bila makaratasi ubishi huu hushindwa na mwenye sauti kubwa.

Karatasi la kwanza ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Inapatikana bure, ni ndefu, na watu wengi huisoma vibaya. Usianze na idadi ya mabilioni. Anza na maoni ya mkaguzi, ambayo ni ya aina nne: safi; yenye shaka, yaani hesabu ziko sawa isipokuwa mambo kadhaa yaliyotajwa; mbaya, yaani hesabu hazionyeshi hali halisi; na ile ya mwisho ambapo mkaguzi anakataa kutoa maoni kwa sababu hakupewa ushahidi wa kutosha. Hiyo ya nne ndiyo inayopaswa kumkosesha mtu usingizi, ingawa haina kelele. Ukishajua aina ya maoni, soma miaka yote ya mtu ofisini kwa mfuatano. Maoni yenye shaka mwaka wa kwanza huweza kuwa uchafu alioachiwa na aliyemtangulia. Hoja ileile ikirudi mwaka wa tatu na wa nne, kwa maneno karibu yaleyale, hiyo ni yake.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kusoma "matumizi yasiyo na stakabadhi" na kupiga kelele kwamba pesa zimeibwa. Hoja ya ukaguzi ni swali. Wakati mwingine hujibiwa kwa faili iliyokuwa kabati lingine, wakati mwingine haijibiwi kabisa, na tofauti utaiona kwenye ripoti ya kamati ya bunge iliyomhoji mhusika. La pili ni kupeperusha maoni safi kana kwamba ni cheti cha utendaji. Maoni safi yanasema vitabu vya hesabu vimeandikwa sawasawa. Hospitali inaweza kununua mashine kwa utaratibu wote, ikaiandika vizuri, na mashine ikakaa ndani ya kasha kwa kukosa umeme au mtu wa kuiendesha.

Karatasi la pili ni ripoti za Msimamizi wa Bajeti, na hili nalipenda zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti itengwe kwa maendeleo, kwa kipimo cha miaka ya kati. Neno "itengwe" ndilo mlango wa nyuma. Kaunti hutenga 30, kisha mwaka unakwisha ikiwa imetumia chini ya hapo kwa sababu mishahara, safari na marupurupu vimekula kwanza. Weka safu mbili kando kwa kando, iliyotengwa na iliyotumika, kwa kila mwaka. Kisha tafuta ukurasa wa madeni ambayo wanakandarasi hawajalipwa. Gavana anaweza kuonyesha barabara nzuri ambayo bado hajailipia, na anayemfuata anaanza kazi akiwa na foleni ya wadai mlangoni. Barabara ni rekodi yake, na deni pia ni rekodi yake.

Kwa aliyekuwa mbunge au seneta, Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ndiyo shahidi. Lakini kuwa mwangalifu: maswali mengi bungeni huamuliwa kwa sauti, wa "ndiyo" wanapaza na wa "la" wanapaza, na Spika anatangaza upande ulioshinda. Hapo hutajua nani alisema nini. Jina huandikwa pale tu kura zinapohesabiwa mtu kwa mtu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mswada wa Fedha wa 2024: tarehe 25 Juni wabunge 195 waliunga mkono na 106 wakapinga, vijana wakiwa barabarani na watu wakiuawa, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mbunge wa wakati ule anayepanda jukwaani leo kuzungumzia mswada huo ana kura yenye jina lake, au hana kwa sababu hakuwepo. Kutokuwepo nako kuulizwe.

Kuna hoja moja ambayo ningependa ife kabisa: "Kama alikuwa na doa, IEBC isingemwidhinisha." Tume hiyo ya uchaguzi huangalia masharti. Mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe na sifa za kugombea ubunge, apendekezwe na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti ya zile zilizo zaidi ya nusu, yaani angalau kaunti 24. Na hata aliyehukumiwa hafungiwi mlango kwa hukumu hiyo mpaka njia zote za rufaa ziishe, kama Ibara ya 99 inavyosema. Kuidhinishwa maana yake jina liwe kwenye karatasi ya kura. Kupima uadilifu, kwa sehemu kubwa, kumeachwa mikononi mwa mpiga kura.

Mpaka hapa nimesema rekodi tu, na wenzangu wanaopenda makaratasi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Hawajamaliza. Mvuto una hesabu yake, na hesabu hiyo imeandikwa katika Katiba: zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zaidi ya nusu. Mgombea mwenye rekodi safi anayependwa na kaunti kumi hawi Rais. Ndiyo maana wanasiasa hukesha wakitafuta neno moja litakalopita kila mahali. Oktoba 2002, pale Uhuru Park, Raila alisema maneno mawili, "Kibaki tosha", na upinzani uliokuwa vipande vipande ukapata mgombea mmoja. Mwezi Desemba Kibaki alipata ajali ya gari na kumaliza kampeni akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na bado alishinda. Mwaka 2022 toroli, alama ya chama chake, na neno hasla, yaani mhangaikaji, vilifanya kazi hiyohiyo kwa upande wa Ruto: mtu aliona biashara yake ndogo ikitajwa jukwaani.

Kudharau mvuto ni kosa, ila mvuto hupimwa vibaya kuliko rekodi. Uwanja wa Kasarani ukijaa, ni watu 60,000 hivi. Waliosajiliwa mwaka 2022 walikuwa 22,120,458, kwa hiyo Kasarani nzima haifiki hata asilimia 0.3 yao, na baadhi waliletwa kwa mabasi kutoka mbali au hawana kura kabisa. Tafiti za maoni ni bora kuliko umati, lakini nazo zina mtego. Sampuli ya watu 2,000 huweza kupotoka kwa takribani asilimia 2 juu au chini kwa kila mgombea, hivyo pengo la 3 kati ya wawili halikuhakikishii chochote. Tafiti nyingi za mwisho kabla ya Agosti 2022 zilimweka Raila mbele. Alitangazwa kuwa na asilimia 48.85 dhidi ya 50.49 za Ruto. Midahalo haisaidii sana pia. Julai 2017 Raila alisimama peke yake jukwaani, Julai 2022 Ruto naye akasimama peke yake. Anayeona ana cha kupoteza hukaa nyumbani.

Pengo la 2022 lilikuwa kura 233,211. Ligawanye kwa vituo 46,229 vya kupigia kura, unapata takribani kura tano kwa kituo. Wakati huohuo zaidi ya watu milioni 7 waliosajiliwa hawakupiga kura. Kwa hiyo anayebishana na jirani aliyekwisha kuamua anapoteza mate. Wa kuzungumza naye ni yule anayesema hajui kama atatoka siku hiyo, na huyo mara nyingi hataki kaulimbiu. Anataka kuonyeshwa kitu kimoja kilichothibitishwa.

Kumwonyesha kunahitaji muda, na kalenda si rafiki. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni, na Mkaguzi Mkuu ana miezi sita ya kukagua na kutoa ripoti. Maana yake, ripoti kamili ya mwisho ambayo mpiga kura anaweza kuisoma kabla ya Agosti 2027 ni ile ya mwaka ulioisha Juni 2026. Mwaka unaofuata, ambao huwa na uzinduzi mwingi na malipo ya haraka haraka, utakaguliwa baada ya mshindi kuapishwa. Pengo hilo linazibwa kidogo na ripoti ya Msimamizi wa Bajeti ya miezi tisa ya kwanza, inayoishia Machi 2027. Kama kuna mkataba au orodha ya malipo unayoitaka, ombi lipelekwe kwa ofisi husika chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikaa kimya, unapeleka malalamiko kwa ombudsmani, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na hatua hiyo nayo ina wiki zake. Taja mradi kwa jina, mwaka wa fedha na aina ya hati unayotaka, maana ombi la "taarifa zote za barabara" hurudishwa au hupotea. Anayetaka jibu mkononi mwezi Julai aandike kabla ya Aprili kuisha, na abaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.