Mstari Katikati ya Sebule

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshindwa kutoka kwenye Marko 7, pale Bwana anapowakemea wanaosema "Korbani", yaani mali hii imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasimtunze baba wala mama. Kilichonirudisha hapo ni filamu ya Kitamil, lugha ya kusini mwa India, Samsaram Adhu Minsaram ya mwaka 1986, iliyotengenezwa na kampuni ya filamu ya AVM. Visu aliiandika na kuiongoza, naye mwenyewe ndiye baba mwenye nyumba, Ammaiyappan Mudaliar, karani ambaye mshahara wake hautoshi na watoto wake wanaishi naye chini ya paa moja hata baada ya kuoa.

Mnajua familia ya namna hiyo. Mtoto mkubwa, Chidambaram, ana kazi nzuri, lakini mkono wake ni mgumu. Mkewe Uma anakwenda kujifungulia kwao, kama ilivyo desturi ya Watamil, ambapo wazazi wa mwanamke humpokea binti yao kwa uzazi wa kwanza na kubeba gharama zake. Chidambaram anapiga hesabu: mke wangu hali hapa tena, basi mchango wangu upungue. Baba anawaka na kumwambia aondoke. Naye anajibu kwamba hatoki mpaka arudishiwe fedha alizokwisha kuitolea familia. Karani hana kitu cha kulipa. Anachora mstari sakafuni, nyumba inakatwa vipande viwili.

Tuisahihishe hesabu ya Chidambaram kwa shilingi zetu. Tuseme nyumba ina watu tisa na mahitaji ya mwezi ni 800,000: kodi 200,000, umeme, maji na gesi 90,000, ada na nauli za watoto 120,000, dawa 30,000, chakula 360,000. Mtu mmoja akisafiri, kodi haipungui. Ada haipungui. Kinachopungua ni sahani yake, 360,000 gawanya kwa tisa, yaani 40,000. Hiyo ni asilimia 5 ya bajeti nzima, na kwa asilimia 5 hiyo baba na mwana hawasalimiani. Tena anayekata mke anapoondoka, mbona haongezi mke anaporudi na mtoto mchanga?

Shida inaanza pale mchango unapohesabiwa kwa midomo badala ya vipato. Chukueni nyumba hiyo hiyo: baba anapata 500,000, mkubwa 800,000, wa pili 300,000. Jumla 1,600,000. Mkisema kila mmoja atoe sawa, ni karibu 267,000 kila mtu. Mkubwa anatoa theluthi ya kipato chake na kubaki na zaidi ya nusu milioni, mdogo anabaki na 33,000 za mwezi mzima, na kufika tarehe kumi ameshakopa. Mkisema kila mmoja atoe nusu ya alichopata, baba analeta 250,000, mkubwa 400,000, mdogo 150,000. Zinatimia 800,000 zile zile, na hakuna aliyekamuliwa. Mshahara ukipanda, mchango unapanda wenyewe. Mtu akiachishwa kazi, nusu ya sifuri ni sifuri, wala hadaiwi. Ndivyo Paulo alivyowaelekeza Wakorintho: kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake.

La pili nitaligusa tu. Fedha kubwa inapotolewa, ya harusi ya dada au ya paa, isemwe siku hiyo hiyo kama ni zawadi au mkopo, na iandikwe. Chidambaram alitoa kimya, kisha siku ya ugomvi zawadi ikageuka deni.

Sasa niseme na wewe mtoto mkubwa mwenye kazi nzuri, maana hapa ndipo Marko 7 inapochoma. Tunakuona kwenye harambee ya jengo. Jina lako linasomwa, watu wanapiga makofi, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini kama mama yako anakata vidonge vya presha nusu kwa nusu ili vifike mwisho wa mwezi, bahasha hiyo ni Korbani ile ile. Paulo hakupaka asali: asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Ndugu yangu, usiiruke aya hiyo. Anza kwa mama, kisha njoo madhabahuni. Sadaka itakusubiri.

Na wewe baba, mstari ule ni wako. Mwana alikosa, ndiyo, lakini aliyeuchora ni wewe. Mkono uliomlea ukatumika kumfungia nje angali ndani. Hasira ya baba isiyo na mwisho nayo ni dhambi, na watoto wadogo wa nyumba ndio wanaojifunza kwayo.

Uma anaporudi, ndiye anayeshughulika na majeraha ya kila mmoja mpaka baba na mwana wanapatana. Mtazamaji anangoja wote wakae pamoja tena. Uma anakataa. Anaomba yeye na mumewe wahamie nyumba yao wenyewe, wawe wanakuja kutembelea, ili upendo uliobaki usichakae. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi naona amefanya kama Abramu katika Mwanzo 13, aliyemwambia Lutu wasigombane kwa kuwa ni ndugu, akamwachia achague upande. Walitengana, lakini Lutu alipotekwa, Abramu alitoka na watu 318 kumfuata.

Kwa hiyo mwana akihama, msiishie kubeba vitanda. Kubalianeni kiasi atakachoendelea kutuma na tarehe yake, nani atalipa hospitali wazazi wakiugua usiku, na Jumapili ipi ya mwezi mtakula pamoja. Fanyeni hivyo kabla gari la mizigo halijaja, mama akiwa amekaa hapo hapo anasikia.