Mama aliniuliza nani anaziamrisha seli

Mama yangu ameuza vitumbua Ngamiani tangu sijaanza shule. Alipoambiwa ana uvimbe kwenye titi aliniita jikoni, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa biolojia nyumbani, akaniuliza: "Mwanangu, hizo seli nani anaziambia zigawanyike? Na hizi zangu mbona hazisikii?"

Miaka yote nimechora ubaoni hatua za mgawanyiko wa seli. Anayetoa amri sikuwahi kumtaja.

Usiku ule nikaanza kumsoma Paul Nurse, mwanasayansi wa Uingereza anayechunguza jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Alichagua kuchunguza chachu ya seli moja iliyopatikana kwenye pombe ya Afrika Mashariki na kupewa jina mwaka 1893: Schizosaccharomyces pombe. Pombe, neno letu hilihili! Miaka ya 1970, akiwa Edinburgh, alikuwa akisaka chachu zenye kasoro, zile zinazogawanyika kabla hazijakua. Alishapata karibu 50, na takriban zote zilikuwa na hitilafu kwenye jeni ileile, ile inayofanya kazi ya breki. Sahani moja ya kuoteshea chachu ikaota ukungu. Akaitupa, akaenda zake nyumbani. Moyo ukamsuta, akapanda baiskeli usiku kwenye mvua, akaitoa kwenye pipa la taka. Chachu ya sahani ile ndiyo iliyokuwa na kasoro kwenye jeni nyingine, cdc2, inayoiambia seli: sasa gawanyika.

Mwaka 1987 maabara yake, alikokuwa mtafiti Melanie Lee, ilitia vipande vya DNA ya binadamu kwenye chachu ambazo cdc2 yao imeharibika. Chachu iliyobahatika kupata jeni yetu inayofanana nayo iligawanyika, ikaishi. Hapo niliweka kitabu chini. Tuzo ya Nobel ya 2001 Nurse aliipata pamoja na Tim Hunt na Leland Hartwell, na huyo Hartwell alifanyia kazi hamira, hii ya mikate.

Kwa hiyo nikamsimulia mama habari hiyo, nikaazima hadubini shuleni, nikakoroga hamira ya mama kwa maji ya vuguvugu na sukari, nikamwekea kwenye kioo cha hadubini. Alitazama muda mrefu, mkono mmoja umeshika kanga.

"Hii na mimi amri yetu ni moja?"

"Zinakaribiana, mama, kiasi cha kushikiana zamu. Kwenye uvimbe breki ndizo zimeharibika. Zipo dawa zilizotokana na elimu hii, zinazozuia amri hiyo."

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na yule bwana, je, kama mvua ile ingemzuia?"

Akarudi kufunika sufuria la rojo la mchele.